Doa la ukutani linalorudi: tafuta maji yanaingilia wapi kabla ya kuvunja chochote

Swali la msomaji: "Chumba chetu cha kulala kipo chini. Ukuta mmoja umepakana na bafu na unaishia kwenye kona ya nje ya nyumba. Doa la maji lilianza karibu na sakafu, sasa limevuka usawa wa goti. Nimekwangua na kupaka rangi ya kuzuia maji mara mbili, na mara zote rangi imevimba na kubanduka. Nyuma ya kabati la nguo kuna ukungu mweusi. Fundi wa kwanza aligusisha kifaa ukutani, kikalia na kuwaka taa nyekundu, akasema maji yanapanda kutoka kwenye msingi, kwa hiyo ukuta utobolewe na kudungwa dawa. Wa pili anasema ni bomba la bafuni, tuvunje vigae. Nimsikilize nani, na je, kuna ninachoweza kukagua mwenyewe?"

Ndugu, kwa sasa usimlipe yeyote kati yao. Huenda mmoja yuko sahihi, na inawezekana kabisa wote wawili wako sahihi, kwa sababu ukuta mmoja unaweza kunywa maji kutoka sehemu mbili. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuletea ushahidi. Wa kwanza amethibitisha kuwa ukuta umelowa, jambo ulilolijua kwa macho kabla hajafungua mkoba wake. Wa pili amekisia kwa kuangalia bafu liko upande gani. Bado hatujui maji yanaingilia wapi wala yanaingia wakati gani, na hayo mawili ndiyo kazi yote ya ukaguzi.

Jambo moja halisubiri. Kama kuna soketi au swichi ndani ya eneo lililolowa au karibu nalo, zima umeme wa njia hiyo leo, kisha mwite fundi umeme. Mengine yote tunaweza kuyafanya taratibu.

Anza na penseli. Chora mstari kufuata ukingo wa doa, andika tarehe pembeni yake, piga picha. Rudia kila baada ya siku chache, na kwenye daftari weka rekodi ya mvua, ya siku bafu lilipotumika sana, na ya usiku mliofunga madirisha yote. Watu huona kazi hii ya kitoto, wanataka kifaa chenye taa. Lakini kila chanzo cha maji kina saa zake, na saa hizo hazisemi uongo. Bomba linaloleta maji lina presha usiku na mchana, hivyo doa lake halipumziki hata mkisafiri. Bomba la maji machafu huvuja pale tu linapotumika. Bafu likikaa siku mbili tatu bila kuguswa, ukingo wa doa huanza kurudi nyuma. Maji ya mvua hufuata mvua, ingawa kwenye ukuta mnene yanaweza kuchelewa saa kadhaa au hata siku kadhaa kabla ya kutokea ndani. Jasho la ukuta, yaani mvuke wa chumbani unaogeuka maji ukigusa sehemu yenye baridi, hufuata usiku, madirisha yaliyofungwa na watu waliolala humo. Unyevu wa ardhini huenda polepole kuliko yote: hubadilika kwa msimu, wala hutaona tofauti kati ya Jumatatu na Ijumaa.

Baada ya saa, tazama umbo. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huchora mkanda wa kulala, unaofuata ukuta kwa urefu wake, na kwa kawaida hauvuki sana mita moja kutoka sakafuni, kwa sababu maji yanayopanda kwenye vitundu vya tofali na saruji hukauka njiani kabla ya kufika juu zaidi. Kwenye ukingo wake wa juu huacha chumvi, unga mweupe au rangi iliyovimba kwa mstari. Doa la bomba lina kitovu: sehemu moja imelowa kuliko zote, na unyevu hupungua kadiri unavyoenda mbali nayo. Mvua inayopenya huonekana karibu na nyufa, fremu za madirisha, au mahali gata limetoboka, na mara nyingi iko juu kuliko unyevu wa ardhini ungeweza kufika. Jasho la ukuta halina mpaka unaoeleweka. Hukaa kwenye kona, nyuma ya makabati na makochi, popote hewa isipozunguka, na alama yake ni vidoa vyeusi vya ukungu.

Hapo ndipo barua yako inaponifanya nishuku mambo mawili tofauti. Ule mkanda wa chini wenye rangi inayovimba una dalili za maji yanayokuja na chumvi kutoka ndani ya ukuta. Ukungu mweusi mara chache hustawi kwenye ukuta uliojaa chumvi ya ardhini, hivyo ule ulio nyuma ya kabati huenda una chanzo chake, na chanzo hicho ni mvuke wenu wenyewe. Ukidunga dawa ukuta mzima, ukungu utabaki palepale. Ukisogeza kabati pekee, mkanda wa chini hautajali.

Sasa toka nje, ukafike kwenye kona ile. Ukaguzi mzuri huanzia nje hata kama malalamiko yapo ndani. Tazama kwanza ardhi imefika wapi. Karibu kila nyumba iliyojengwa kwa utaratibu ina tabaka la kuzuia maji kati ya msingi na ukuta, ambalo mafundi huliita DPC: karatasi ya lami, nailoni nzito au saruji iliyochanganywa na dawa. Kanuni ya kawaida ni kwamba ardhi ya nje iwe chini ya tabaka hilo kwa angalau sentimita 15. Miaka inapopita, watu humwaga kifusi, hupanda maua, huweka sakafu mpya ya zege juu ya ile ya zamani, na ardhi hupanda hadi kulivuka. Tabaka ni zima kabisa, ila maji yamepata ngazi pembeni yake. Plasta ya nje iliyoshushwa hadi kugusa udongo hufanya kazi hiyohiyo. Na hata pale ambapo ardhi iko chini, mvua inayodondoka kwenye sakafu ngumu hurukia ukuta na kuulowesha kwa sentimita kadhaa. Kwa maoni yangu, nyingi ya kuta zinazohukumiwa kuwa na "maji yanayopanda" zingepona kwa sepeto na siku moja ya kushusha udongo, na ndiyo maana hukumu hiyo huwa naiweka ya mwisho, baada ya nyingine zote kushindwa.

Ukiwa hapohapo inua macho. Gata linamwagia wapi? Bomba la kushusha maji ya paa linaishia kwenye mfereji au linamwaga miguuni mwa ukuta? Ukuta wenyewe una mstari wa kijani au wa kutu chini ya kiungo fulani? Nenda ukaangalie mvua ikiwa inanyesha, si baada yake. Kama nyufa zinatia shaka na mvua haiji, tumia mpira wa maji: mwagilia sehemu ya chini kabisa ya ukuta kwa dakika kumi au zaidi huku mtu akiangalia ndani, kisha panda juu kipande kwa kipande. Ukianzia juu, maji yatatiririka kwenye kila ufa na hutajua ni upi ulioyapitisha.

Upande wa bafu una majaribio ambayo hayahitaji kuvunja hata kigae kimoja. Funga koki zote za nyumba, hakikisha hakuna tangi linalojaza, kisha soma mita ya maji na uisome tena baada ya saa moja au mbili. Ikisogea, kuna mahali panapovuja. Kabla ya kulaumu ukuta, tia rangi ya kuchanganyia vyakula kwenye tangi la choo na usubiri bila kuvuta maji. Rangi ikitokea bakulini, kinachosogeza mita ni choo na wala hakihusiani na doa lako. Mita isiposogea, bado hujalisafisha jina la bafu, kwa sababu maji machafu hayapiti kwenye mita. Hapo fanya hivi: siku ya kwanza, elekeza maji ya bafu moja kwa moja kwenye tundu la sakafuni kwa robo saa bila kulowesha kuta, kisha fuatilia doa. Siku nyingine, ukuta ukiwa umetulia, mwagia maji kwenye vigae na viungio vyake. Doa likiitika jaribio la kwanza, tatizo lipo kwenye tundu au bomba la chini. Likiitika la pili tu, maji yanapita kati ya vigae, na dawa yake inaweza kuwa kukwangua viungio na kuvijaza upya badala ya kubomoa bafu zima. Fundi wako wa pili angeweza kufanya haya yote kabla ya kushika nyundo.

Kuna jaribio jingine ambalo nalipenda kwa urahisi wake. Kata kipande cha nailoni inayoonyesha, ukubwa wa karatasi mbili za kuandikia, ukaushe uso wa ukuta kwa kitambaa, kisha ubandike kipande hicho kwa gundi ya utepe pande zote nne bila kuacha mwanya. Kiache siku moja au mbili. Matone yakijitokeza upande wa chumbani, juu ya nailoni, hewa ya chumba ndiyo inayotoa maji. Yakijitokeza chini yake, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakitokea pande zote mbili, una kesi mbili kama ninavyoshuku. Bandika kipande kimoja kwenye mkanda wa chini na kingine nyuma ya kabati, usitegemee kimoja kukujibia ukuta mzima. Sakafu ya zege hupimwa vivyo hivyo: nailoni ya takriban sentimita 45 kila upande, ibandikwe kwa saa 16 au zaidi, kisha uangalie kama kuna matone au zege limekuwa jeusi.

Kuhusu jasho la ukuta, ni vizuri kuelewa hesabu yake, kwa sababu watu wengi hukataa katakata kwamba maji yanaweza kutoka kwao. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Kwa nyuzi joto 20, mita moja ya ujazo ya hewa inaweza kubeba takriban gramu 17 za maji. Kwa nyuzi 10 haifiki hata gramu 10. Hewa ya chumba ikiwa na nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60, itaanza kudondosha maji kwenye kitu chochote chenye nyuzi 12 au chini ya hapo. Lakini ukungu hausubiri matone. Unahitaji tu hewa inayogusa ukuta ibaki na unyevu wa takriban asilimia 80 kwa siku kadhaa, na katika chumba hichohicho hali hiyo hupatikana pale ukuta ukiwa na nyuzi 15. Nyuma ya kabati lililobanwa ukutani, joto la chumba halifiki, hewa haipiti, na ukuta wa nje hupoa usiku. Mtu mmoja aliyelala hutoa takriban gramu 40 za mvuke kila saa kwa pumzi na ngozi yake. Ongeza nguo zinazokaushwa ndani na mlango wa bafu unaoachwa wazi baada ya kuoga maji moto, na utaona ukungu haukuhitaji bomba lolote kupasuka.

Nunua au azima kipimo kidogo cha unyevu wa hewa, kiweke chumbani mbali na dirisha na soma asubuhi mkiamka. Kikibaki kati ya asilimia 40 na 60 kwa kawaida, hewa si mshtakiwa mkuu. Kikiwa juu ya 70 asubuhi baada ya asubuhi, umepata mmoja wa wahusika. Sogeza kabati angalau sentimita tano hadi kumi kutoka ukutani, fungua njia ya hewa, uone wiki mbili tatu zitasema nini.

Tuje kwenye kile kifaa kilicholia. Vifaa vya namna hiyo, vyenye sindano mbili, hupitisha umeme mdogo kati ya sindano na kupima unavyopata ugumu wa kupita. Vilisanifiwa kwa ajili ya mbao, na kwenye mbao vinafanya kazi nzuri: chini ya asilimia 20 ubao uko salama dhidi ya kuoza, na karibu na asilimia 28 hadi 30 nyuzi zake zimeshiba maji. Kwenye plasta na tofali namba ile haina maana ya asilimia. Inakuambia tu kwamba umeme umepita kirahisi. Maji huupitisha, lakini chumvi huupitisha pia, na ukuta wako umejaa chumvi. Waya, nondo na vipande vya chuma ndani ya ukuta vinaweza kukifanya kipige kelele hata mahali pakavu. Vile vya kugusisha bila sindano navyo hudanganywa na chuma kilicho nyuma ya plasta, na haviendi ndani sana.

Hiyo haina maana kwamba kifaa ni takataka. Mkaguzi anayejua kazi hukitumia kulinganisha: anapima ukuta mkavu wa chumba hichohicho kwanza, kisha anapima ukuta mbovu kwa mistari, kila sentimita 20 au 30 kwenda juu na pembeni, na kuandika namba juu ya mchoro. Ramani hiyo ndiyo yenye thamani. Inaonyesha kama unyevu umekusanyika karibu na kiungo cha bomba, au umesambaa sawasawa kando ya sakafu. Anayegusisha mara moja mahali palipolowa waziwazi na kukuonyesha taa nyekundu anauza dawa.

Ukitaka jibu la uhakika kabla ya kazi kubwa, mwombe mkaguzi achukue unga wa ukuta kwa drili. Anatoboa polepole ili ncha isichemshe na kukausha sampuli, anatupa unga wa sentimita ya kwanza ambao ni plasta na rangi, na anakusanya unga wa ndani kwenye kichupa kinachofungwa, katika vimo kadhaa kuanzia chini. Sampuli inaweza kupimwa papo hapo kwenye chupa ya chuma yenye unga wa kemikali uitwao karabidi: maji yaliyomo hukutana na karabidi, hutoa gesi ya asetilini, na presha ya gesi husomwa kama asilimia ya maji. Au hupelekwa maabara, hupimwa uzito, hukaushwa kwa nyuzi 105 na kupimwa tena. Unyevu wa ardhini utaonyesha namba kubwa chini na ndogo juu. Unyevu wa jasho utakuwa juu ya uso tu, ndani kukiwa kukavu. Maabara inaweza pia kupima chumvi za nitrati na kloridi. Uwepo wake kwa wingi huelekeza kidole ardhini, na kuna jingine: chumvi hizi hunyonya mvuke hewani, hivyo ukuta uliokwisha kutibiwa unaweza kuendelea kuonekana umelowa siku za unyevu mwingi mpaka plasta ile iondolewe. Nyumba ikiwa ya zamani sana, ulizia kwanza kama kuta au dari zina asbesto kabla mtu hajatoboa.

Kamera za joto nazo zimekuwa maarufu. Zinaona tofauti za joto, hazioni maji; mahali panapokauka hupoa, hivyo huonekana, lakini upepo kutoka kwenye ufa huonekana vilevile. Ni nzuri kwa kujua pa kupima.

Rangi ya kuzuia maji uliyopaka ndani iliongeza tabu. Ukuta ulikuwa unakausha maji yake kupitia uso wa chumbani, ukaufunga mlango huo. Maji yakatafuta njia juu zaidi, jambo linaloweza kueleza kwa nini doa limevuka goti, na chumvi ikaganda nyuma ya rangi ikaisukuma hadi ikabanduka. Ikwangue yote sasa, hata kabla ya kujua chanzo, na uache ukuta upumue.

Ukungu ushughulikie pia bila kungoja. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake kuhusu unyevu na ukungu majumbani mwaka 2009, halikuweka kiwango cha ukungu kinachoweza kuitwa salama. Lilisema unyevu na ukungu viondolewe, kwa kuwa wanaoishi humo wana hatari zaidi ya matatizo ya kupumua na pumu. Eneo dogo, lisilozidi takriban mita moja ya mraba, unaweza kulisafisha mwenyewe kwa maji na sabuni ukiwa umevaa barakoa na glavu, dirisha likiwa wazi. Usipige brashi kavu, utarusha mbegu zake chumba kizima. Kama kuna mtoto mchanga au mwenye pumu, ahame chumba hicho mpaka kazi iishe.

Chanzo kikipatikana na kuzibwa, kubali kwamba ukuta hukauka kwa mwendo wake. Kadirio la kawaida ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, na hapo hewa iwe inazunguka vizuri. Ukuta unaokaukia pande mbili huenda haraka kidogo. Ondoa plasta iliyojaa chumvi hadi tofali, kwa angalau sentimita 30 juu ya ukingo wa mwisho wa doa. Usipige plasta mpya wiki inayofuata. Endelea na penseli na nailoni mpaka vipimo viwili vinavyopishana kwa wiki kadhaa visionyeshe mabadiliko, kisha piga plasta isiyogusa sakafu, ukiacha mwanya mdogo utakaofunikwa na ubao au kigae cha pembeni, na upake rangi inayoruhusu mvuke kupita. Rangi ya mafuta na ile ya kuzuia maji ziache dukani.